Ng'ombe Wanne Langoni

Msichana anayeposwa haruhusiwi kuwachungulia wageni wake, na Jerono alilijua hilo vizuri. Shangazi Linah alikuwa amemwambia mara tatu tangu asubuhi: kaa jikoni, funga kitambaa chako, tulia, utaitwa. Lakini hebu niambie, ni msichana gani wa miaka thelathini na mbili atakayesikia lori la mahari likinguruma langoni kwao, na mwanamume anayempenda yumo ndani ya lori hilo, halafu aendelee kumenya viazi? Jerono aliweka kisu chini, akasogeza pazia kwa kidole kimoja.

Alimwona Levi kwanza. Alikuwa ameshuka upande wa abiria, koti la kijivu limembana mabegani, akiyatazama madirisha ya nyumba moja baada ya jingine kama mtu aliyepotelewa na kitu. Jerono alijua anatafutwa yeye. Miaka mitatu walikuwa wakikutana Jumapili, wiki hii Kitale, wiki ijayo Bungoma, na bado alipomwona joto lilimpanda shingoni.

Kisha mlango wa nyuma wa lori ukafunguliwa, ng'ombe wakaanza kushuka.

Wa kwanza alikuwa mwekundu, tumbo jeupe, pembe ya kushoto imepinda kuelekea jicho. Jerono alifumba macho, akayafumbua tena. Mguu wa nyuma ulikuwa na kovu la waya. Sikio la kulia lilikuwa na alama mbili za kisu. Nyuma yake wakashuka mitamba wawili wenye tumbo jeupe la mama yao, halafu mmoja mweusi aliyekuwa akivutana na kamba.

Aliwajua ng'ombe hao kama anavyozijua sufuria za jikoni kwao. Walikuwa wake, wote wanne.

"Subira," alinong'ona.

Sijui kama ng'ombe alisikia. Dirisha lilikuwa wazi, na upepo ulikuwa ukielekea langoni. Lakini yule mwekundu aliinua kichwa, akageukia nyumba na kulia mara moja, kwa sauti nzito. Jerono akashika ukingo wa meza.

"Mbona unatetemeka?" Shangazi Linah aliuliza, akigeuka kutoka kwenye jiko. "Wameleta ngapi?"

"Nne."

"Za kutangulia? Si mbaya. Hao watu wa Sirisia wako na heshima."

Jerono aligeuka tena dirishani.

Lazima ujue kitu kimoja kuhusu ng'ombe hao, ndipo uielewe hofu iliyomshika. Jerono alifanya kazi kwenye ghala la mahindi la tajiri mmoja mjini Kitale. Kazi yake ilikuwa kupima unyevu. Magunia yalifika, akachoma kila gunia kwa kile chuma chenye mfereji, akatoa punje, akazipima, akasema haya yamekauka, haya yarudi yakaanikwe. Tangu saa moja asubuhi alikuwa akivuta vumbi, na miaka miwili ya mwisho kikohozi hakikumwacha. Mama yake alikuwa amekamua ng'ombe wa watu kwenye shamba kubwa hadi vidole vikakataa kukunjuka, akarudishwa nyumbani na shukrani ya mdomo. Jerono alimlisha kwa kijiko mwaka mzima kabla hajamzika. Siku ya mazishi aliapa kwamba kazi haitamfanyia hivyo. Akifika miaka arobaini angetoka ghalani kwa miguu yake mwenyewe, akiwa na cha kumlisha bila kumpigia mtu goti.

Basi akaanza kununua ng'ombe. Hakuwaleta nyumbani. Nyumbani kulikuwa na Kiplagat, kaka yake, ambaye aliwahi kumuuza ng'ombe wa pekee wa mama yao akanunua pikipiki. Mama alipolia, baba alisema ng'ombe wa nyumba ni wa nyumba, na neno likaisha hapo. Kwa hiyo Jerono alifanya walivyofanya watu wa mlima tangu zamani: akawaweka ng'ombe wake kwa rafiki. Mzee Ndiema aliishi juu ya Endebess, karibu na njia ya kwenda Suam. Ndiema angekunywa maziwa, ng'ombe na ndama wangebaki wa Jerono. Mambo hayo hayaandikwi. Mnakubaliana wawili, mnakula ugali, mnanyamaza, ili jirani asione wivu na ndugu asiombe.

Halafu mwezi wa tatu Mzee Ndiema akafa.

Jerono alienda kwenye mazishi, akalia na watu, akarudi Kitale. Hakusema neno kuhusu ng'ombe. Angesemaje? Nani husimama kwenye kaburi lenye udongo mbichi akadai ng'ombe? Alijiambia atapanda mwezi wa tano, mambo yakitulia. Mwezi wa tano kazi ya ghalani ilikuwa imembana. Na mwana wa Ndiema, ambaye hakuwahi kuambiwa lolote na baba yake, aliamka asubuhi moja akaona ng'ombe wanne bomani na deni la hospitali mezani.

Jerono alifuta mikono kwenye leso, akatoa simu mfukoni. *Kuja nyuma ya tangi. Sasa hivi.*

*

Levi alikuja akijifanya anatafuta maji ya kunawa. Alipomwona alitabasamu, na tabasamu hilo lilimuumiza Jerono kuliko kama angekuja amenuna.

"Jero, si shangazi yako ataniua? Ati bwana harusi anaonekana na..." Akauona uso wake vizuri. "Nini? Umelia?"

"Hizo ng'ombe umetoa wapi?"

"Sasa hiyo ndiyo salamu?"

"Levi. Umetoa wapi?"

"Kuna dalali alitupeleka Endebess. Mahali juu huko, kijana mmoja alikuwa anauza za marehemu baba yake. Kwani ziko na shida? Daktari wa mifugo aliziangalia. Ile nyekundu ni ya maziwa kabisa, bana, nikasema hiyo mzee wako ataipenda."

"Inaitwa Subira."

"Nani?"

"Ile nyekundu. Hao wawili ni watoto wake. Nyeusi nilinunua na bonasi ya mwaka juzi." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Ni zangu, Levi. Ndizo zile."

Alimwona akielewa. Ilimchukua muda. Kwanza alicheka kidogo kwa pua, halafu kicheko kikafa, halafu rangi ikamtoka usoni. Levi alijua kuhusu ng'ombe hao. Yeye ndiye mtu wa pekee, mbali na marehemu Ndiema, aliyewahi kuambiwa. Hakuwa ameambiwa wako wapi, hilo Jerono alibaki nalo, lakini idadi aliijua. Kwenye hoteli moja Bungoma, karibu na ofisi ya maji ambako Levi alikuwa karani, walikuwa wameketi Jumapili nyingi na chai ya rangi wakipanga. Ng'ombe wakishafika sita, maziwa yangelipa chakula. Akiba ya Levi kwenye Sacco ingelipa matibabu na karo ya watoto watakaokuja. Yeye angetoka ofisini akiwa na arobaini na tatu, Jerono arobaini. "Tutaacha kazi kabla kazi haijatuacha," Levi alikuwa akisema, na Jerono alimpenda kwa sentensi hiyo kuliko kwa maneno yote matamu aliyowahi kumpa.

Ndipo wazo jingine likamjia, baya zaidi.

"Umenunua na nini?"

Levi alitazama chini.

"Levi, umenunua na pesa gani?"

"Baba alikataa kuleta pesa mkononi. Alisema Wamalwa hawezi kuenda kwa watu na bahasha kama anaenda kulipa bili ya stima. Anataka ng'ombe ionekane kwa barabara. Na yeye hana." Akakung'uta vumbi kwenye koti. "Nilitoa ya Sacco."

"Ngapi?"

"Yote."

Jerono alikaa kwenye jiwe la kufulia. Kwa mbali aliwasikia wazee wakicheka sebuleni, na sauti ya Kiplagat ikiwa juu kuliko zote. Asubuhi hiyo hiyo, akinywa chai, Kiplagat alikuwa amesema wazi: ng'ombe wakifika, wawili wataenda mnadani Alhamisi, ameona pikipiki nyingine.

"Kwa hivyo nusu yako imenunua nusu yangu," alisema, "na zote zimeingia kwa boma ya kaka yangu."

"Nilitaka kukuambia. Mzee akasema mwanaume hahesabu pesa mbele ya mwanamke anayemwoa." Levi alichuchumaa mbele yake, akamshika mikono. "Sikiza. Naomba usiseme kitu."

"Nini?"

"Leo tu. Nyamaza leo. Ukisema, wazee watasikia kwamba tumeleta ng'ombe ya wizi. Unajua baba yangu. Atapanda lori na hatarudi hapa hata nikifa. Na mimi siwezi kuoa bila yeye, Jero, siwezi. Tutaanza tena. Mimi bado niko na mshahara, wewe uko na wako. Badala ya arobaini tuseme hamsini. Hamsini ni kitu gani?"

Alikuwa akimtazama kwa macho yale aliyoyapenda, ya mviringo, yenye kope ndefu kama za mtoto, na yalikuwa yamejaa woga mtupu. Jerono alitaka kumkumbatia. Alitaka pia kumsukuma aanguke. Akakohoa, akageuza uso, akakohoa tena hadi machozi yakamtoka.

"Hamsini," alisema alipopata pumzi. "Mama alikufa na hamsini na moja."

Shangazi Linah alikuwa akiita jina la Jerono kutoka mlango wa jikoni.

*

Walimpitisha katikati ya sebule, kitambaa kichwani, macho chini. Upande wa kulia walikaa watu wa Sirisia, Mzee Wamalwa mbele yao, fimbo katikati ya magoti. Upande wa kushoto walikaa wa kwao. Baba yake, Mzee Kipngetich, alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote, kofia amevua. Alikuwa mtu wa maneno machache, na Jerono hakuwahi kujua kama uchache huo ni upole au ni kitu kingine. Kiplagat alisimama karibu na dirisha, mahali ambapo angeweza kuwaona ng'ombe.

Levi alikuwa nyuma ya baba yake. Jerono hakumtazama. Aliogopa kwamba akimtazama tu, angenyamaza.

"Jerono," baba yake alisema. "Unawajua hawa wageni?"

"Nawajua, baba."

"Wamekuja na ng'ombe nne. Wanasema hiyo ni mwanzo. Sisi hatuwezi kupokea kitu bila wewe kusema. Tupokee?"

Watu walikuwa wameshaanza kutabasamu. Swali hilo huwa na jibu moja, na baada ya jibu wanawake hupiga vigelegele. Shangazi Linah alikuwa tayari amevuta pumzi.

Neno "ndiyo" lilikuwa pale mdomoni mwa Jerono, jepesi, la kumpa mume na harusi na picha za kanisani. Baada yake ghala, na chuma, na vumbi, miaka kumi na minane.

"Hapana," alisema.

Pumzi ya Shangazi Linah ilitoka bila kigelegele.

"Simkatai Levi. Nampenda Levi, na mbele ya watu wote nasema hivyo. Lakini hao ng'ombe hamwezi kuwapokea. Ni wangu. Niliwanunua mimi, nikawaweka kwa Mzee Ndiema. Aliyewauzia wageni hakujua."

Kiplagat ndiye aliyesema kwanza. "Ati zako? Wewe umetoa wapi ng'ombe nne? Baba, huyu amechanganyikiwa. Ng'ombe iko kwa boma yetu ni yetu."

Mzee Wamalwa aliinuka polepole akiegemea fimbo. "Mimi nimetoka na lori Sirisia," alisema kwa hasira. "Nimeleta ng'ombe mchana, kila mtu ameona. Sasa naambiwa mimi ni mwizi? Na msichana? Levi, simama twende."

Levi alisimama. Jerono alifumba macho. Ndiyo hii sasa, alijiambia, ameenda.

"Baba, anasema ukweli," Levi alisema.

"Nini?"

"Ni zake. Aliniambia zamani ziko nne, sikujua ni hizi. Ameniambia leo, nyuma ya tangi, na mimi nikamwomba anyamaze." Akasogea mbele ya baba yake. "Nilimwomba anyamaze kwa sababu nakuogopa, baba. Hatukuiba. Tulinunua kwa mtu ambaye hakuwa na haki ya kuuza. Hiyo pesa nitafuata kwa huyo kijana. Nikiipata sawa, nikikosa ni hasara yangu. Lakini siwezi kumuoa na ng'ombe yake mwenyewe."

Mzee Wamalwa alimtazama mwanawe. Kisha akatoka nje bila kuaga, na watu wake wakamfuata mmoja mmoja, Levi wa mwisho. Mlango ulibaki wazi.

Baba yake Jerono hakuwa amesogea. Kofia ilikuwa bado mapajani.

"Miaka ngapi?" aliuliza.

"Nane, baba."

"Ndiema alikuwa anakuja hapa kila Krismasi. Anakunywa chai kwa hiyo kikombe. Hakuniambia."

"Nilimwapisha asiseme."

"Kwa nini?"

Jerono alikaza kitambaa kichwani.

"Nauliza kwa nini. Ulikuwa unaogopa kaka yako?"

Mzee alikuwa amemfungulia mlango. Angesema tu ndiyo, ilikuwa Kiplagat, na kila mtu angekubali, kwa sababu kila mtu alimjua Kiplagat. Baba angepata pa kuelekeza hasira yake, nyumba ingetulia, chai ingepikwa. Jerono aliuona urahisi huo wote. Akaona pia uso wa mama yake siku ile, akimtazama mume wake na kungoja aseme neno moja la kumtetea.

"Hapana, baba," alisema. "Kiplagat namweza. Nilikuogopa wewe."

Shangazi Linah aliweka mkono mdomoni. Baba yake alikitazama kitambaa cha meza kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale. Alikuwa amezeeka, Jerono aliona, shingo yake ilikuwa imekuwa nyembamba ndani ya kola. Alingoja afokewe. Alingoja afukuzwe. Mikono yake akaifungia ndani ya leso.

"Uliogopa sawa," mzee alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Kiplagat, toka kwa hiyo dirisha."

"Lakini baba..."

"Toka." Akamgeukia Jerono. "Mwambie kijana arudi siku ingine na baba yake. Nitaongea na huyo mzee, mimi mwenyewe nitaenda Sirisia. Lakini hizo ng'ombe zako ondoa kwa boma yangu leo. Leo hii, kabla sijazizoea."

Jerono alitaka kumshukuru. Lakini baba yake hakutaka shukrani. Alikuwa ameshavaa kofia na kuivuta hadi machoni.

*

Nje, lori lilikuwa limewashwa. Mzee Wamalwa alikaa mbele, akitazama barabara. Dereva alipiga honi mara mbili, akangoja, akapiga ya tatu. Levi alikuwa amesimama kando ya lango, koti amelivua, mikono ya shati ameikunja.

"Inaenda," Jerono alisema alipomfikia.

"Nimeona."

Lori liliondoka. Waliangalia vumbi lake hadi likaisha. Subira alisogea akaweka pua yake begani kwa Jerono, na Jerono akamshika pembe iliyopinda, kwa sababu alihitaji kushika kitu.

"Levi, kule kwa tangi. Kama ningekusikiza..."

"Najua."

"Ningekuchukia. Si mara moja. Polepole tu, kila siku nikikohoa."

"Najua, Jero." Alijifuta uso kwa kiganja. "Hata sasa unaweza."

Alimtazama. Alikuwa hana Sacco, hana lori, hana baba wa kumposea, na kesho kutwa alitakiwa kazini Bungoma. Yeye mwenyewe hakuwa na mahali pa kuwalaza ng'ombe wanne usiku huo. Kuelekea Endebess hakukuwa na Ndiema tena. Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa mlima na hakuna aliyejua kama wazee hao wawili wangewahi kuketi tena chumba kimoja.

"Unaogopa?" Jerono alimuuliza.

"Sana."

"Hata mimi." Alifungua lango, akamkabidhi kamba. "Basi wewe shika ile nyeusi. Hiyo ikiona gari hukimbia."